Dhamana Kabla ya Kosa

Jumatatu, 12 Januari 2026

Nimepata wazo. Kubwa! Msimu wa plamu umefika, Soni nzima inanuka plamu zilizooza, wachuuzi wanazimwaga mtaroni. Wao wanaona uchafu. Mimi naona chupa, tena chupa yenye lebo, mezani kwa mtalii. Pombe kali ya plamu, inayopikwa kwa ustadi kwenye mtambo mdogo wa shaba. Jina tayari ninalo: Roho ya Usambara.

Nimemweleza mke wangu Secilia. Akauliza kama ni gongo. Nikasema si gongo. Akauliza tofauti yake. Nikasema gongo haina lebo. Akaendelea kumkatia ng'ombe majani, kisha akasema nifanye nitakavyo ila nisimguse Tausi. Tausi ndiye huyo ng'ombe. Ndicho kitu pekee alichoachiwa na marehemu mama yake kule Kwai, na maziwa yake ndiyo yanayotulisha tangu nilipoanza mradi wa sungura, na tangu sungura walipotoroka. Nikamuuliza nani kamtaja Tausi! Nilikuwa nimemtaja moyoni tu.

Jirani yetu Benedikto amesikia kupitia uani. Anapika jamu ya plamu, anawauzia watalii, basi anajiona mwenye kiwanda. Kaniuliza kama nikimaliza kuionja nitakuwa nimebaki na ya kuuza. Wivu mtupu.

Jumanne, 13 Januari

Lushoto mjini. Fundi wa mitambo kanitajia bei. Nikadhani ananipa namba yake ya simu.

Kisha kwa wakala wa bima, dada Ilham, binti mpole mwenye ushungi wa kijani. Bima ya moto, akasema. Sawa. Bima ya mtambo kulipuka. Akauliza kama wangu unaweza kulipuka. Nikasema hauwezi. Akauliza nimejuaje. Nikasema haujalipuka hata mara moja. Akauliza umefanya kazi muda gani. Nikasema sijaununua. Halafu kuna bima ya mnywaji akidhurika. Nikamhakikishia kwamba wanywaji wangu watakuwa watu wazima na akili zao. Akaandika kitu, sikukiona vizuri.

Jamani! Roho ya Usambara haijapata hata kizibo, tayari inadaiwa bima tatu.

Mwisho akasema kabla ya kuanza kupika lazima niwe na dhamana. Akaendelea na maneno mengi ya ushuru, ila mimi nilikuwa nimeshaelewa. Dhamana! Kumbe serikali imestaarabika hivi. Zamani ulipika kwanza, ukakamatwa, ndipo ndugu wakahangaika kukutoa. Siku hizi unajiwekea dhamana mapema. Ukikamatwa, unarudi zako nyumbani kula. Nimeupenda sana utaratibu huu.

Jumatano, 14 Januari

Dhamana naijua, nani asiyeijua. Wadhamini wawili wenye makazi ya kudumu na barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Nikaenda kwa mwenyekiti, mzee Nassoro. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, habari za maharage. Nikasema naomba barua ya dhamana. Akavua miwani. Akauliza kesi gani. Nikasema pombe kali. Akauliza wamenikamata lini. Nikasema bado, ila nataka mambo yawe tayari.

Mzee hajawahi kuonja pombe, hata harufu yake haitaki. Lakini barua kaiandika bila kunihubiria. Akanishika bega, akasema, mghoshi, jikaze. Kaniita mghoshi, yaani mwanamume, kwa lugha yao! Mimi Mnyakyusa, mtoto wa wachuma chai, nimeishi milima hii miaka yote na hakuna Msambaa aliyewahi kuniita hivyo. Heshima ya mwekezaji hiyo, imeanza.

Alhamisi, 15 Januari

Ajabu na kweli. Wawekezaji wanakuja wenyewe! Tangu asubuhi watu wanaingia uani, wananipenyezea noti iliyokunjwa, wananiambia pole. Najibu asante, kazi ni ngumu, lakini tutafika. Kina mama wa kwaya wameleta mchele. Babu mmoja kaniambia kule chakula ni kibaya, nile nikiwa bado huku. Sikuelewa ni kule wapi. Nadhani kwenye hoteli za watalii.

Hata Benedikto kaja na chupa ya jamu, macho mekundu. Kasema tumekosana mengi ila jirani ni jirani, na atakuwa mdhamini wangu. Nikamwambia nikianza kupika sitamsahau. Akaniomba, kwa sauti ya upole kabisa, nisipike tena. Anaogopa ushindani, maskini.

Secilia ametoka jioni, akarudi giza limeingia. Kapika wali, kakaa ananitazama nikila, halafu akaanza kulia. Nikamwambia asilie, hii ndiyo bahati yetu. Akalia zaidi. Furaha nayo huliza.

Ijumaa, 16 Januari

Asubuhi banda la Tausi kimya. Nikadhani kapelekwa kwa dume.

Msafara wa dhamana ukaondoka kwenda kituo cha polisi. Mzee Nassoro ndani ya kanzu, Benedikto ndani ya koti lake la harusi lisilofunga vifungo, Secilia kaukumbatia mkoba kwa mikono miwili. Nilijisikia mtu mkubwa. Kwenye kaunta, mzee akasema tumekuja kumwekea dhamana mtu wetu. Askari akauliza mtu mwenyewe yuko wapi. Mzee akanionyesha. Askari akanitazama nilivyosimama upande wa raia, natafuna karanga. Akauliza nani kanitoa. Hakuna. Akauliza nani aliniingiza. Hakuna. Akatafuta jina langu, hakuliona. Nikaona nimsaidie, nikasema ni ile ya pombe kali. Hapo akasimama. Akauliza pombe iko wapi. Nikasema bado iko juu ya mti.

Nikamtaja dada Ilham, akapigiwa simu, spika ikawashwa. Akaeleza taratibu kama anamfundisha mtoto. Ni dhamana ya ushuru. Benki au kampuni ya bima inaiahidi serikali kwamba nikishindwa kulipa ushuru wa pombe, wao watalipa, kisha watanigeukia mimi. Hakuna polisi. Hakuna wa kukamatwa. Askari akacheka mpaka akavua kofia. Mzee Nassoro akasema neno moja la Kisambaa. Sikulielewa, na sitaki kutafsiriwa.

Secilia hakucheka. Akafungua mkoba, akaweka noti juu ya kaunta. Akasema huyo ni Tausi. Kamuuza jana, maana alidhani naona haya kumwambia mke wangu kwamba nafungwa. Hakupandisha sauti hata kidogo. Heri angenipiga! Nikazirudisha karanga mfukoni. Naandika wazi: niliumia, na niliogopa.

Benedikto akakohoa. Akasema mnunuzi ni yeye. Kasikia mchinjaji wa Soni anamtaka, akamwahi. Akazirudisha zile noti mfukoni mwake, akamwambia Secilia akamchukue ng'ombe wake kabla hajamaliza maua yote ya uani kwake.

Jumapili, 18 Januari

Jana nimezunguka nyumba kwa nyumba kurudisha michango, Secilia nyuma yangu kama askari. Mchele haukurudi, tulishaula. Watoto wananiamkia, shikamoo Mzee Dhamana. Secilia ananipikia, lakini mazungumzo yote ni yeye na Tausi. Namsikia bandani, anamweleza mambo yangu, na ng'ombe anaguna.

Kanisani nimetafakari. Sikutafakari mahubiri. Nimetafakari ile Alhamisi. Sikutangaza, sikubandika hata karatasi moja, na watu walichanga ndani ya siku moja, kwa sababu tu walidhani nimekamatwa. Sasa je, wangekuwa wanachanga kila mwezi, mapema, kabla hawajakamatwa? Bima ya Kukamatwa! Haihitaji shaba, haihitaji plamu, na hailipuki. Wanachama wataweka imani kwangu, nami nitahitaji kitu cha thamani cha kusimamia ahadi yangu. Dhamana sasa naielewa vizuri sana. Kitu hicho ninacho. Kinakula majani.

Limebaki jambo dogo. Lazima mtu mmoja akamatwe kwanza, watu waone bima inavyolipa. Asiwe mhuni. Awe mwenye roho nzuri, anayependwa na kitongoji kizima, ili watu wamwonee uchungu. Nimefikiri mchana kutwa. Nimempata Benedikto.