Minazi ya Tunguu na Redio ya Gari Yangu

Makunduchi,
27 Ramadhani 1374

Mheshimiwa Bwana Mudiri, mkubwa wetu wa serikali,

Assalaam alaykum. Mimi ni Mjaka Silima, mwenye ile gari nyeusi ipelekayo watu mjini. Nnakuandikia kwa adabu zote, jasho likinitoka, maana keshokutwa ni mwezi ishirini na tisa, na Makunduchi nzima itaizunguka gari yangu kungoja redio yake iseme kama mwezi umeandama.

Mwaka jana, Bwana, khabari ilitufikia adhuhuri, nasi tumefunga. Kufunga siku ya Idd! Kwa hivyo nliponunua gari hii yenye redio, niliapa msikitini, mbele ya Mzee Makungu, imamu wetu, kwamba jambo lile halitatokea tena.

Mwezi wa Shaabani redio ilisema vizuri mpaka pwani. Tangu chungu cha kwanza, siku tulipoanza kufunga, nikishapita Tunguu, inakaanga. Nasema inakaanga kwa kuwa mlio wake ni wa bajia ndani ya mafuta, na abiria wangu wanameza mate njia nzima. Mmoja wao, Bi Mwanakheir, ameniuliza kama saumu yake ingali sahihi.

Dawa nshazijaribu. Nimeifukiza ubani. Nimeielekeza gari kibla. Nimewateremsha abiria wenye maneno mengi. Wapi! Nimeona basi kwamba kosa ni la minazi, inayasimamisha maneno njiani. Kwa hivyo naomba:

1. Minazi yote toka Tunguu mpaka kwetu ikatwe kabla ya keshokutwa. Wenyewe nitawaomba radhi mimi.

2. Ikiwa ni mingi, nyumba ya redio ihamishiwe barazani kwangu. Watangazaji watafuturu vizuri. Pweza wangu wa kuchoma mwaka huu anasifiwa mpaka Bububu, anaiva sawasawa nje na ndani.

3. Ikiwa nyumba ni nzito, Makunduchi ihamie Jang'ombe, ambako redio inasema bila taabu. Makuti tutabeba wenyewe. Bahari tutaiacha.

4. Hata hilo likishindikana, Idd ingoje kidogo, nende mjini nikasikilize nirudi. Astaghfirullah! Hili la nne usilisome.

Nisalimie watu wa nyumbani, makarani wote, na yule askari wako wa mlangoni aumwaye jino, Mola amponye.

Mtiifu wako, mwenye saumu na kiapo shingoni,
Mjaka Silima

Baada ya salamu: Mke wangu Mwanapili ameisoma barua hii akaniuliza, ule ufito wa chuma uliosimama mbele ya gari, wa kunasia sauti, uko wapi. Uko jikoni, Bwana. Nliung'oa mwenyewe chungu cha kwanza nikauosha kwa ndimu. Ndio tunaochomea pweza. Minazi na isimame. Keshokutwa nitaurudisha garini, pweza akishaiva. Ila pweza wetu huiva magharibi, na mwezi nao huandama magharibi. Kwa hivyo lile la nne, Bwana, lisome.