Virungu na Bibi Ildefonsa

Jumatatu, 7 Julai

Mwalimu Faustini wa kikundi chetu cha sarakasi hapa parokiani ametuonyesha namna ya kurushiana virungu. Virungu vyenyewe ni chupa za maji zilizofungwa kwenye vijiti. Mnasimama mkitazamana, kila mmoja anazungusha vitatu hewani, halafu mara kwa mara mkono wako wa kulia unamrushia mwenzako kimoja, naye anakidaka kwa kushoto. Jozi bora itacheza Jumapili kwenye sikukuu ya mavuno. Kwandu atakuwepo. Kwandu hajawahi kunitazama zaidi ya kuitikia salamu, na jambo hilo linaniumiza.

Tukaambiwa tuchague wenzetu. Anatory, ambaye naye anamtaka Kwandu, akakimbilia kwa Priscila, mwenye mikono myepesi. Mimi nimetumia akili. Nimemchukua Bibi Ildefonsa, mwenye wajukuu na goti bovu, aliyekuja kwa sababu kwaya imemchosha. Nikisimama mbele yake, nitashindwaje kung'ara?

Jumanne, 8 Julai

Bibi ana shabaha! Nilisahau kwamba amefukuza nyani shambani maisha yake yote.

Kirungu chake cha kwanza kilipokuja, nikanyoosha mkono wa kushoto. Akasimamisha mazoezi. Akaniuliza nimelelewa wapi, maana kwao Ngara mtoto hapokei kitu cha mkubwa kwa kushoto. Nikamwambia hata kwetu Wasukuma ni hivyo hivyo, ila huu ni mchezo. Akasema hajaona mchezo unaofuta adabu.

Basi nikapokea kwa kulia. Kulia kulikuwa na kirungu tayari. Paji la uso limevimba.

Alhamisi, 10 Julai

Leo nimepokea kwa mikono miwili, na goti nikakunja kidogo. Bibi amefurahi sana, akanibariki. Virungu vyangu vyote vilikuwa chini.

Mwalimu amenishauri nimwombe Bibi ruhusa ya kutumia kushoto, basi. Nimekataa. Mwanamume mzima niombe ruhusa ya mkono wangu mwenyewe? Nina mpango mzuri zaidi.

Ijumaa, 11 Julai

Mpango umekubali. Nimemsifia Bibi kwa Anatory, shabaha yake, utulivu wake, mpaka mwenyewe akaomba tubadilishane. Nikajifanya nasitasita. Sasa Priscila ni wangu na Anatory ana Bibi. Namhurumia paji lake la uso. Nimekula ugali mwingi kuliko kawaida.

Jumamosi, 12 Julai

Anatory alifika mazoezini mapema. Akamwamkia Bibi shikamoo, akainama, akaomba kwa heshima amruhusu kupokea kwa kushoto hadi sikukuu iishe. Bibi akaitikia marahaba, akasema ruhusa anayo, na kwamba angempa yeyote ambaye angeuliza. Akanitazama wakati akisema hivyo. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Virungu vyao vilipishana hewani bila hata kimoja kuanguka. Mimi nilikuwa natazama kama Kwandu amepita barabarani, kirungu cha Priscila kikanipita sikioni. Priscila amesema hawezi kucheza na mtu asiyemtazama. Amekwenda zake.

Jumapili, 13 Julai

Anatory na Bibi wamepigiwa vigelegele hadi Padri akasimama. Kwandu alitazama mwanzo hadi mwisho, kisha akaenda kumwomba Anatory amfundishe. Nilikuwa nimekaa nyuma ya magunia ya mahindi ya sadaka. Iliniuma sana.

Lakini nimeshalitambua kosa langu. Bibi Ildefonsa hakuwa mzee vya kutosha. Agosti kuna maonyesho Biharamulo mjini, na jioni hii nimepata mwenzangu mpya: Mzee Shibuda, baba yake Kwandu. Amekubali kwa moyo mmoja. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo hatajua napokea kwa mkono gani. Kesho asubuhi naanza kumrushia.