Kobe Wenu Amenitia Adabu Nisiyoitaka

Ban Nong Kung,
Udon Thani.

Kwa Mkurugenzi,
Programu ya Lugha ya Kobe Mjuzi,
Ujerumani.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: MADHARA YA KUMWELEWA MKWE

Pokea salamu zangu, wewe na wafanyakazi wako wote, isipokuwa kobe.

Mimi ni Thongmuan, mjane wa miaka sitini na mmoja. Natwanga na kuuza saladi ya papai bichi karibu na hekalu. Binti yangu Phitsamai ameolewa na Mjerumani, fundi wa lifti aitwaye Detlef, ambaye kwa desturi yetu alihamia kwa mama wa mke, yaani kwangu. Miaka sita tumeishi bila ugomvi hata wa siku moja, kwa sababu hakuna aliyemwelewa mwenzake. Nikisema mezani, "Mwambie mumeo anatafuna kama nyati aliyetoka kulima," Phitsamai humtafsiria kwamba mama anauliza kama ameshiba. Detlef huniinamia kwa shukrani na kuomba wali zaidi. Tulikuwa familia, Mheshimiwa, na nyinyi mmetuingilia. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kila Jumapili Detlef hukaa barazani kuzungumza na mama yake, Bi Renate, kwa simu. Nasikia jina langu, kisha nasikia kicheko. Nilitaka kujua anawasema nini samaki wangu wa kuchachua. Jirani yangu Kham-un akaniwekea programu ya kobe wenu kwenye simu nijifunze Kijerumani, na kwa mwezi mzima kobe huyo akanifundisha kwamba farasi anasoma gazeti. Mkwe wangu hana farasi. Wa watu wengine wakisoma magazeti, mimi hayanihusu.

2. Kobe wenu hana haya. Nikichelewa somo analia kwenye kioo cha simu na kuandika, "Thongmuan, umenisahau?" Marehemu mume wangu hakuwahi kuniuliza swali hilo katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa. Kwa huruma tu nikasoma siku mia mbili na kumi na nne mfululizo, pamoja na siku tuliyomzika shangazi. Siku nyingine tuko hekaluni, mtawa anahubiri, kobe akapaza sauti ya Kijerumani ndani ya mkoba wangu. Mtawa akanyamaza, akauliza, "Anasemaje huyo?" Nikamjibu ukweli, kwamba farasi anasoma gazeti. Akasema, "Basi tumsubiri amalize." Mpaka leo wanawake wa kijiji wakiniona njiani wananiuliza habari za gazetini.

3. Hili ndilo zito. Siku hiyo ya mia mbili na kumi na nne ilikuwa Jumapili. Nilikuwa chini ya baraza nikipepeta mchele, mara nikashtuka kwamba ninaelewa. Bi Renate alikuwa akimtaka mwanawe arudi, vyumba vya chini kwake viko tupu. Detlef akamjibu, "Siwezi, Mama. Kijiji kizima kinaniheshimu kama mgeni. Ni huyu mama mkwe peke yake anayenisema kama mtoto aliyemzaa. Jana kasema natafuna kama nyati. Usimwambie Phitsamai kwamba naelewa. Yule mama akijua, ataanza kuwa na adabu, na mimi nitakuwa mgeni hata humu ndani."

Kumbe naye alikuwa na kobe, wa kumfundisha lugha yetu ya Kiisani, na huu, alimwambia mama yake, ni mwaka wake wa nne. Nilikaa kitako juu ya ungo wa mchele. Nikakumbuka yote niliyosema kuhusu miguu yake, jasho lake, na yule mwalimu wa shule ambaye Phitsamai alipaswa kuolewa naye. Nilitamani ardhi inimeze.

4. Tangu siku hiyo siwezi kumtukana. Nafungua kinywa, kinachotoka ni "Karibu wali, Bwana Detlef." Chakula hakina ladha. Kham-un alikuja kula kwetu, akasikia kimya, akaninong'oneza, "Mmegombana?"

Nikamwambia, "Hapana. Tunaelewana."

Akasema, "Pole sana, dada. Tangu lini?"

5. Baada ya wiki mbili za adabu yangu, Detlef alimwambia mkewe kwamba anadhani nimemchoka. Wamekata tiketi za kwenda Ujerumani tu, za kurudi hakuna. Wanaondoka Jumatano. Masanduku yako sebuleni, na kila asubuhi nayaruka nikienda jikoni. Sitaki waende. Ninaliandika hili kwa sababu kulisema kwa heshima sikujaliwa, na kulisema kwa matusi mmenizuia nyinyi.

Kwa hiyo naomba mfute Kijerumani chote kichwani mwangu kabla ya Jumatano, mkianza na farasi. Ikishindikana, futeni Kiisani kichwani mwa Detlef. Yote yakishindikana, kobe aje hapa mwenyewe amweleze mkwe wangu alichokifanya. Asiogope safari. Mchuzi wake nitaupika mimi.

Nisalimie mkeo kama unaye, wanao, na mama mkwe wako, ambaye nakusihi usijifunze lugha yake.

Wako mwenye adabu, kwa makosa yenu,

Thongmuan Saenkaew.

Nyongeza: Phitsamai amekataa kutafsiri barua hii, anasema anaona aibu. Kwa kuwa kobe anakijua Kiisani lakini wewe huenda hukijui, nikampa Detlef aitafsiri. Alipofika namba tatu aliweka kalamu chini, akaenda kunawa uso, na hakurudi. Nikamfuata penye pipa la maji, nikamwambia amalize haraka, mtu mwenye pua kubwa namna ile akiendelea kulia atatumwagia mafuriko kwenye mpunga. Akacheka, akarudi mezani. Nimeikagua tafsiri yake neno kwa neno na haina kosa, ila ameongeza malalamiko ambayo sikuyaandika mimi: "6. Mkwe hasafiri tena. Anaomba aendelee kutukanwa kama zamani." Nimeyasoma bila kuuliza mtu. Kwa hiyo tafadhali msifute chochote. Leo ni siku ya mia mbili na thelathini na tano, somo sijafanya, na kobe ameshaanza kulia.