Pambo Nililompelekea Baba Mkwe

Arusha nzima, kuanzia Ngaramtoni mpaka Usa River, hakuna mwenye mkono wa kuchonga kama mimi Aminiel! Nasema haya nikiwa na plasta vidole vinne, kwa hiyo msidhani natania.

Kazi yangu ya kila siku ni kuuza rangi na misumari dukani. Ufundi niliupata kwenye simu, kwa video tatu. Ya nne bando liliisha, lakini nilikuwa nimeshaelewa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kigoda: kipande cha gogo la mgrevilea juu, matawi matatu chini. Nilikizindua siku ya kipaimara cha binti yetu Princess, nyumba yetu ya Olasiti imejaa wageni. Nikamkaribisha baba mkwe, Mzee Philemoni, akikalie mbele ya mchungaji. Mzee akakaa. Kigoda kikatawanyika! Mzee akaenda chini na sahani ya pilau, mchuzi ukampanda mpaka kwenye tai.

Mtu mwenye akili zake angesema, "Samahani, baba." Mimi nikasema, tena kwa sauti: "Kigoda hakina kosa. Ni uzito!"

Mwaka na miezi minne mzee hakukanyaga kwetu. Princess akimpigia simu babu yake, wanaongea shule, wanaongea mvua, wanaongea mpaka kuku. Jina langu halitajwi. Mke wangu Prisca akawa anakwenda kwao peke yake na kurudi na macho mekundu.

"Baba Princess, ni neno moja tu. Mwambie baba samahani."

"Fundi haombi samahani, Mama Princess. Fundi anatoa kazi nyingine!"

Ikatangazwa ibada ya shukrani: mzee anatimiza miaka sabini. Prisca akaniwekea chai mezani, akabaki amesimama.

"Usipopatana na baba siku hiyo, mimi sikuombi tena. Na yeye simwombi tena. Mtazikana hivyo hivyo."

Hapo nilielewa kwamba mambo yamefika pabaya. Lakini kichwa changu kina njia zake. Nitamtengenezea mzee pambo la ukutani! Akiliona, atakiri mwenyewe kuwa nina kipaji, na ugomvi utaisha bila mtu kuinamisha kichwa.

Nikakata ubao wa mduara kutoka gogo lile lile nililokatia kigoda, kwa kisu cha nyama. Kikavunjika. Cha mkate nacho kikafuata. Msasa sikuwa nao, nikasugua kwa waya wa kusugulia masufuria. Rangi ya kahawia nikaipata kwenye dawa ya viatu vya shule vya Princess. Nikapanga buni za kahawa ziandike 70, nikazibandika kwa uji wa ngano. Kuku wakapita, wakala uji, wakatema buni.

Sawa! Nikanunua gundi ya mafundi viatu. Ile haina mchezo, aisee. Ilishika buni, ikashika ubao, ikashika na mimi. Jioni hiyo nilikula ugali kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshikana na sanaa, Princess anacheka mpaka anapaliwa. Prisca alinibandua kwa maji ya moto bila huruma yoyote. Zile buni nazo hazikutosha, sifuri ikaishia njiani.

Kilichobaki ni kijani. Majani ya mgomba yalinyauka kabla ya saa sita. Maua yakadumu siku moja. Nikakaa kwenye ngazi nimeshika tama.

Prisca akasimama mlangoni, akaangalia kazi yangu kwa muda mrefu.

"Hapo chini panataka jani lisilonyauka," akasema. "Kachukue yale marefu ya kwenye uzio."

Nikakata moja. Nikalibandika, likabanduka. Nikalibandika tena, likanipiga usoni.

"Lete," akasema Prisca. Akalikunja, akalipiga fundo moja zuri, akalifunga kwenye ubao kwa uzi. "Sasa kazi imekaa."

Mara ya kwanza kusifiwa kazi yangu! Nilivimba kichwa mpaka kofia ikanibana.

Siku ya shukrani tukaenda ukweni. Sala zilipokwisha, zamu ya zawadi ikafika. Nikapita mbele ya watu wote na kifurushi changu cha magazeti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Kavu kabisa.

Nikafungua. Watu wote chini ya turubai wakakodoa macho! Nikajisemea, watu wa huku hawajazoea sanaa kubwa. Mara bibi mmoja akashika mdomo.

"Jamani! Ameleta isale!"

Nikalitazama upya lile jani. Wakwe zangu ni Wachaga wa Machame, na kwao jambo hili halina mjadala: ukimpelekea mtu jani la isale lenye fundo, umekuja kuomba msamaha. Umepiga magoti hata kama umesimama. Na anayeletewa hakatai. Mimi mwenyewe nalijua, miaka yote ya ndoa nimeambiwa! Lakini wiki ile nilikuwa msanii. Niliona rangi tu.

"Baba, hilo ni pam..."

Nikamwona Prisca. Amesimama na sinia la vikombe, hajatikisika, ananitazama mimi tu. Lile fundo alilifunga yeye!

Mzee Philemoni akainuka, akavua kofia.

"Nimekungoja sana, mwanangu."

Nilikuwa nimemkumbuka yule mzee kuliko nilivyotaka kujua. "Nisamehe, baba," nikasikia mtu anasema, na mtu huyo alikuwa mimi.

Vigelegele! Prisca akalia waziwazi, safari hii kwa furaha. Mzee akalifungua jani taratibu, akaliweka ndani ya Biblia yake. Kisha akaugeuza ubao huku na huku.

"Na hiki ni nini?"

"Ni pambo la ukutani, baba. Nimelitengeneza mwenyewe."

"Ahaa. Mama Prisca! Chukua hiki, sufuria la mtori halina pa kutua."

Sikujali. Nilisamehewa, nikapewa bakuli la mtori, na mzee akaniita nikae karibu yake. Akanisogezea kiti. Nikakitambua: kigoda changu cha mgrevilea, miguu imefungwa waya! Kumbe Prisca alimpelekea vile vipande, naye akaihifadhi kazi yangu muda wote huo! Machozi yakanilengalenga. Nikakaa kwa maringo, ili kila mtu aone.

Kikatawanyika.

Nilikuwa chali kwenye nyasi, mtori kifuani, hata mchungaji kashindwa kujizuia kucheka. Mzee Philemoni akainama, akanipa mkono wa kuniinua, na kwa upole wake wote akasema:

"Kigoda hakina kosa, mwanangu. Ni uzito."