Mpira wa Kusikilizia Injini

Jumatatu, 9 Juni
Sikio la kulia linawasha tangu juzi. Leo limeziba. Wakati mbaya kabisa! Ijumaa Bosi anachagua msimamizi wa gereji: mimi au Kipara, fundi mwenzangu. Tutasikiliza injini ya lori moja, kila mtu aseme inaumwa nini. Hapo ndipo nyumbani kwangu. Nachomeka ncha moja ya mpira sikioni, nyingine naipitisha kwenye injini. Mpira huo nimeutunza miaka sita ndani ya ndoo ya maji, usije ukakauka ukapasuka. Hauguswi na mtu.

Jumanne, 10 Juni
Mke wangu kasema niende hospitali, mwenye kisukari hachezei sikio. Nikamjibu kelele zake ndizo zinazoniumiza. Nikionekana hospitali Bosi atajua, kwaheri usimamizi! Nimenunua matone ya kuua bakteria. Muuza dawa alitaka kunichungulia. Nikamwambia anayeumwa ni shemeji.

Jumatano, 11 Juni
Nimeweka matone mara sita badala ya tatu. Limezidi! Linatoa maji yananuka, na kwenye mto kuna vidoa vyeusi. Maumivu yameshuka hadi tayani. Gereji nimecheka na kila mtu, jasho linanitiririka.

Alhamisi, 12 Juni
Nilikuwa nasukutua. Maji yakavuja upande mmoja wa mdomo. Nikajaribu kupiga mluzi, wapi! Nimeogopa kama mtoto. Mke wangu alichukua mkoba tu, tukaondoka.

Daktari kachungulia, akasogeza taa karibu. Kasema ni fangasi, tena wameanza kuingia kwenye mfupa na kugusa mshipa wa uso, na yale matone yangu yaliwapalilia shamba. Sukari iko juu mno. Akanyonya uchafu kwa mashine, nikaona nyota. Nalazwa: sindano, kisha vidonge kwa wiki nyingi. Kauliza huwa naingiza nini humo. Nikasema hakuna. Kumbe mke wangu aliuchomoa mpira ndooni, akautoa mkobani! Daktari akaumulika: ndani mweusi tii.

Ijumaa, 13 Juni
Nimelala na dripu, wao wanasikiliza lori. Sikubali! Nimempa mke wangu mpira ampelekee Kipara, aseme ni zawadi yangu ya kumtakia heri. Mke nimemdanganya kuwa nesi kausafisha, hajui nia yangu. Tuugue wote.

Jioni Kipara kaja kuniona. Kashinda. Alisikiliza kwa bisibisi ndefu, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Mpira kaurudisha, kaufua kwa sabuni na kuuanika, eti kitu cha thamani namna hiyo hawezi kunichukulia. Kamwomba Bosi asiitoe nafasi yangu ya ufundi. Machozi yalimlenga. Niliona aibu karibu nusu saa.

Jumatatu, 28 Julai
Nimerudi kazini! Mdomo umekaa sawa, napiga mluzi. Sikio la kulia linasikia nusu. Daktari kasema nimeponea chupuchupu, nisiingize chochote tena kwenye sikio hili. Nikaapa mbele ya mke wangu.

Leo kuna injini inagonga, na Kipara kashindwa kujua ni wapi. Bosi kasimama hapo hapo. Nafasi ndiyo hii! Mpira ulikuwa umekakamaa, nimeuloweka kwenye ndoo ile ile tangu asubuhi. Kiapo nakiheshimu. Daktari alishika sikio la kulia. La kushoto hakuligusa wala kulitaja, na linasikia kila kitu. Linawasha kidogo tu.