Mistari Saba kwenye Shavu la Mama

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Picha ya mama ilipotea Jumatano, tarehe 24 Machi 2021, siku waasi walipovamia Palma tukakimbia. Ilikuwa moja tu. Amekaa kwenye kigoda, amegeuka pembeni, kilemba kimeshuka hadi sikioni. Ilikuwa imetundikwa juu ya meza yangu ya kazi. Mimi nilitoka na mashine ya kuchomelea. Kilo ishirini na sita, kichwani, siku tatu porini. Mashine hiyo ndiyo iliyotulisha sote ukimbizini, akiwemo mana Deolinda, dada yangu mkubwa. Lakini muulize mana, atakwambia neno moja: Vasco alibeba chuma, akamwacha mama ukutani.

Miaka mitatu, miezi minne, siku kumi na mbili. Tumerudi Palma, na bado analisema.

Leo nimeamua. Jumapili tarehe 18 ni misa ya mama, miaka kumi tangu afariki. Nitaingia kanisani na uso wake. Nitauchora mwenyewe. Mtu aliyejifundisha kutengeneza mageti bila mwalimu hawezi kushindwa na sura moja. Siku hiyo mana atanyamaza. Nina siku kumi na tatu. Zinatosha na nyingine zitabaki.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeanza na rangi ya mageti. Ninayo, naijua. Bati bapa, sentimita sitini kwa arobaini. Nikatangulia na nembo, maana mama alikuwa Mmakonde wa enzi zile, mashavu yamechanjwa. Mistari saba kila shavu. Nikaipiga rangi nene ili idumu. Nikaliegemeza bati ukutani likauke.

Kosa! Saa tisa mistari ilikuwa imefika kidevuni. Saa kumi na moja ilikuwa kifuani.

Mana akaja kuomba kaa la moto. Akatazama. Akauliza huyu babu mwenye ndevu ni nani. Nikamwambia. Akahesabu mistari, kisha akauliza hiyo saba nimeitoa wapi. Mama alikuwa na minne.

Minne!

Nikamwambia nimefanya kazi chini ya picha ile miaka saba kamili. Akasema, “Ndiyo hivyo, mdogo wangu. Wewe unaikumbuka picha. Mimi namkumbuka mama.” Akaondoka na kaa langu.

Alhamisi, 8 Agosti

Hujuma. Mana amemwomba Profesa Sérgio amchoree mama kwa penseli, yeye akimwelekeza. Sérgio ni mwalimu wa sekondari, mtu wa Inhambane, serikali imemleta hapa mwaka jana. Hajamwona mama hata kisogo.

Nikaenda kwake na futi, nikasema nimekuja kupima nondo za dirisha, ni bure. Alipoingia ndani kunichemshia chai nikapima mchoro. Pua, sentimita nne. Mistari minne, tena iliyopooza. Nikamwomba na rangi za maji. Akanipa boksi zima na ushauri juu: karatasi nzito, maji kidogo. Sikumwomba ushauri.

Karatasi nzito ninayoifahamu ni mfuko wa saruji. Nikaugeuza upande wa ndani, nikachora, maji ya kutosha. Uso ukatoka vizuri. Ulipokauka ukajikunja, mama akazeeka miaka thelathini mbele ya macho yangu. Halafu maandishi ya upande wa pili yakajitokeza. Kwenye paji la uso: KG 50.

Nimeuchoma. Niliomba radhi kwanza.

Jumamosi, 10 Agosti

Mkaa. Ukuta wa chumba changu nilishaupaka chokaa. Nikachora juu yake kuanzia asubuhi, sikula. Macho yamekuja yenyewe. Sijui yametoka wapi. Nilirudi nyuma hatua nne, yakanifuata.

Nikamwita mana aone nani anakumbuka nini. Alisimama mlangoni. Kisha akaenda moja kwa moja ukutani, akaweka mkono kwenye shavu la mama, akaushusha taratibu.

Mkaa ukaondoka na mkono wake. Mistari mitatu! Imebaki minne!

Nikamwambia amefanya makusudi. Akatazama vidole vyake vyeusi, akatoka bila kunawa. Ushindi wa namna gani huu? Nilijaribu kuirudisha mitatu ile, nikafuta na jicho.

Jumatatu, 12 Agosti

Udongo mwekundu, chokaa, kiini cha yai. Nilisikia ndivyo walivyochora watu wa kale. Mayai sita, juu ya ubao uani. Jana jioni uso ulikuwa kamili na unang'aa.

Leo asubuhi nimehesabu mistari tisa kwenye shavu. Miwili ilikuwa inatembea.

Sisimizi. Foleni ya kwanza kutoka sikioni, ya pili kutoka puani. Nilipokwenda kutafuta majivu ya kuwafukuza, kuku akaja kula sisimizi. Kuku hajui kula taratibu. Profesa Sérgio alikuwa akipita, akasema pole sana, mestre Vasco. Nilimsikia alivyolitamka hilo “mestre”, fundi mkuu.

Zimebaki siku sita.

Jumatano, 14 Agosti

Mpango ambao hauwezi kushindwa. Mama mdogo Benvinda yuko hai, Pundanhar, analima mihogo. Yeye na mama walichanjwa na mchanjaji mmoja. Nimempelekea ujumbe kwa dereva wa lori la mihogo: aje kesho aseme mbele ya mana kwamba ni saba, nami nitamtengenezea mlango wa chuma, na kufuli. Kwa mlango wa chuma mtu yeyote atakumbuka saba.

Alhamisi, 15 Agosti

Amefika saa nane, vumbi hadi kwenye kope. Ile barabara! Nikamwita mana. Akaja na mchoro wa penseli umeviringishwa kwenye kitambaa cha kapulana. Nikaweka bati langu la ndevu, ndilo pekee lililobaki.

Mama mdogo aliangalia la kwangu akacheka hadi akashika ubavu. Akaangalia mchoro wa mana, akaacha kucheka. Nikamkumbusha kuhusu mlango. Akasema, “Mwanangu, ngoja kwanza.”

Akatueleza. Mwaka wa kwanza walichanjwa minne, huku na huku. Mwaka wa pili mchanjaji akarudi kuongeza mitatu. Mama akavumilia shavu la kushoto. Alipogeuzwa la kulia, akamng'ata yule bibi mkono, akakimbilia mashambani, akalala huko siku mbili. Hakumaliziwa tena. Wenzake walimwita Nusu mpaka akaolewa. Ndiyo sababu ya kilemba hadi sikioni. Ndiyo sababu kwenye picha amegeuka. Na sisi tulikatazwa kumkodolea macho, tangu wadogo.

Kushoto saba. Kulia minne.

Saba! Nilisema!

Mana alikuwa anaangalia mkono wake. Akasema mama alilala ubavu wa kushoto miezi mitatu ya mwisho, hakuweza kugeuka, na kila asubuhi yeye alimpangusa uso. Vidole vinne, mistari minne, kila kidole na wake. Hakulaumu mtu. Lakini nilisikia. Miezi ile mitatu mimi nilikuwa Mocímboa. Nilikuwa na mageti kumi na moja.

Nikaondoka kwenda kutafuta futi. Sikuwa na cha kupima.

Mama mdogo aliuliza habari za mlango. Nimemkokotolea: makubaliano yalikuwa saba na saba, kumi na nne, yeye amethibitisha saba tu. Nusu. Atapata fremu. Amesema nimefanana na mama, nang'ata anayenihudumia.

Ijumaa, 16 Agosti

Kabla hajapanda lori mama mdogo alinionyesha walichosugulia kwenye chale: masizi ya mbegu za nyonyo na mafuta yake. Nimechoma kopo zima la mbegu. Nikachora kwenye bati jipya, sitini kwa arobaini. Masizi yameshika kama yamezaliwa hapo. Shavu la kushoto, mistari saba, jicho, pua nzima, nusu ya mdomo. Ni yeye. Hata kuku amesimama mbali.

Nikahamia shavu la kulia. Nikainua brashi. Nikaishusha. Tangu saa nne hadi saa tisa. Silijui shavu hilo. Sikuwahi kulipangusa.

Basi nikachukua grainda, nikakata bati katikati. Sentimita ishirini, ishirini. Haki tupu. Nusu isiyo na kitu isipokuwa kipande cha pua nimempelekea mana, pamoja na kopo la masizi, brashi, na barua hii. Nainakili hapa ili asije akasema sikuandika:

“Mana Deolinda. Kushoto ni kwangu, nimemaliza. Kulia ni kwako, bati hilo hapo, minne yako uichore kwa vidole ukipenda. Pua ilikuwa katikati. Nimeikata sentimita mbili kwako, mbili kwangu, usiniletee malalamiko. Profesa Sérgio amepita akasema nikiunga kwa moto rangi yote itaungua. Ushauri tena. Mashine ni ileile niliyoibeba, haijawahi kuniangusha. Misa ni keshokutwa. Nina swali moja: nije na mashine nimuunge mama, au kila mtu aingie kanisani na nusu yake? Nijibu nije au nisije, kwa mkono wako, kabla ya saa sita mchana kesho Jumamosi. Usimtume profesa.”