Sifuri Tatu za Kettle Bend

Manispaa ya Kettle Bend, Manitoba, ina heshima kubwa na furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba saa ya taa za kuvukia Barabara Kuu sasa imeelezwa rasmi. Zamani ilikuwa haijaelezwa. Ilifanya kazi tu, kienyeji, na wananchi wakavuka miaka kumi na tisa bila kujua wanavuka kwa idhini ya nani.

Mimi ni Katibu wa Kamati ya Maelezo ya Saa. Naitwa Wendell Prokop, ila kwenye barua za ofisi natumia cheo. Naandika haya kwa sababu maneno ya mitaani yamezidi, hasa kule ng'ambo ya barabara kwenye mkahawa wa Olga, ambako watu wakishashiba perogi, vile vifurushi vya unga vilivyojazwa viazi, hawamheshimu mtu. Ukweli ninao mimi. Uko kwenye faili la kijani, kabati la pili.

Novemba tulipokea kisanduku kipya cha kuendeshea taa. Ndani mna kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, na ndani ya kompyuta mna kitu kinaitwa kiini cha mfumo endeshi, yaani bosi wa humo ndani, anayeamua taa ipi iwake na iwake kwa muda gani. Mhandisi wetu, Darlene Hryciuk, mama mkavu anayevaa kofia ya sufu hata mezani, alikuja kumweleza Mkurugenzi, Mheshimiwa Lorne Gudmundson.

"Mheshimiwa, hiki kiini hakina macho," alisema Darlene. "Kikiwashwa hakijui kimepewa saa gani. Lazima tukiandikie kwenye faili: saa inaitwa hivi, inapiga mara ngapi kwa sekunde, ina upana wa biti ngapi, inahesabu kupanda au kushuka. Tukiandika uongo, kinaamini."

"Kinaamini chochote tunachoandika?"

"Chochote."

"Hakiulizi?"

"Hakina pa kuuliza."

Mkurugenzi aliegemea kiti, akatabasamu. "Mfanyakazi bora kuliko wote niliowahi kuajiri," alisema. Siku hiyo hiyo akaunda Kamati. Mwenyekiti yeye, katibu mimi, mjumbe mtaalamu Darlene, ambaye alisema faili lenyewe lina mistari sita na angelimaliza kabla chai haijapoa. Tulimshukuru kwa mchango wake, tukapanga vikao kumi na moja.

Kikao cha tatu kilijadili mwelekeo. Ilibainika kwamba saa ile huhesabu kushuka, kutoka namba kubwa hadi sifuri. Mkurugenzi hakupendezwa. Alisema manispaa inayotazama mbele haiwezi kuwa na saa inayorudi nyuma, wafanyakazi watavunjika moyo. Darlene akasema saa imeundwa hivyo kiwandani, na ukiandika inapanda, taa zitapagawa. Tulikubaliana iandikwe "inashuka", kisha chini yake tukaweka aya nzima inayoonyesha masikitiko ya Kamati.

Kikao cha tano kilijadili tabia. Saa ikifika sifuri hukikatiza kiini, hata kama kina shughuli. Mkurugenzi, mtu aliyelelewa vizuri, aliuliza kama haiwezi kuomba radhi kwanza.

"Ikiomba radhi itachelewa," Darlene akajibu.

"Basi iombe baadaye."

Nikaandika kwenye kumbukumbu: ombi la radhi, baadaye.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Sijui kama umewahi kuona fomu nzuri. Fomu SM-7 niliibuni mimi kwa mkono wangu. Penye "Mapigo kwa Sekunde" niliweka visanduku viwili tu vya kujaza, na mbele yake nikachapisha sifuri tatu tayari, ili kuwapunguzia watumishi kazi. Kwa nini mtu aandike sifuri kila siku wakati mashine ya kuchapa ipo?

Darlene aliigeuza fomu mbele na nyuma. "Wendell, ndugu yangu. Hii saa inapiga mara thelathini na mbili elfu mia saba sitini na nane. Nitaandika wapi hiyo mia saba?"

"Fomu inataka namba iliyotulia," nilimwambia.

"Hiyo ndiyo namba. Fuwele ya humo ndani imechongwa ipige hivyo. Haijui kutulia."

Mimi nilipendekeza thelathini na tatu. Mkurugenzi alipendekeza thelathini na mbili. Tulivutana vikao viwili, kila mmoja akimwomba mwenzake samahani, na mwishowe, kama kawaida yetu, tukakutana mahali ambapo hakuna aliyetaka kwenda: thelathini. Mkurugenzi alisema thelathini ni namba ambayo mtu anaweza kuisema redioni bila kukohoa.

Darlene alisimama. "Ngoja niwaeleze polepole. Kiini kitahesabu mapigo thelathini elfu, kitasema sekunde imekwisha. Wakati haijaisha! Taa ya kuvuka ya sekunde ishirini na nane itakuwa ya ishirini na tano na nusu. Kuna watu wanavuka pale na fremu za kutembelea, jamani. Mnawaibia sekunde mbili na nusu kila wakikanyaga barabara."

"Faili litasema ngapi?" aliuliza Mkurugenzi.

"Faili litasema ishirini na nane."

"Basi ni ishirini na nane."

Darlene alipiga kura ya hapana na kuambatisha barua ya kurasa mbili. Niliihifadhi chini ya kichwa "Hisia".

Bibi Bernice Friesen ana miaka themanini na moja. Kila siku saa sita mchana huvuka Barabara Kuu na fremu yake ya magurudumu, kutoka upande wa ofisi zetu hadi nyumba ya wazee iliyo upande wa kusini, kumlisha supu mumewe, Cornelius. Mzee Cornelius amesahau karibu kila kitu na hali kwa mkono wa mtu mwingine. Wauguzi wamejaribu, anafunga mdomo kama mtoto. Bibi Bernice akivuka, mzee anakula. Asipovuka, hali.

Wiki ya kwanza ya Februari, taa ikiwa imeelezwa, kiganja chekundu, ile alama ya kukataza kuvuka, kilimwakia Bibi Bernice akiwa amebakiza hatua mbili. Konstebo Desjarlais alikuwa pale kwa sababu tulimwomba awepo. Alimwandikia notisi ya kuvuka bila idhini, uso umemwiva kwa aibu.

"Samahani sana, bibi. Ni amri."

"Kijana, nimevuka hapa tangu mama yako hajaolewa," alisema. "Mimi sijapunguza mwendo. Hiyo taa ndiyo imepata haraka. Inakimbilia wapi?"

Siku ya pili yake alikuja ofisini na saa ya mumewe ya mkononi. Alikuwa ameipima taa mara saba, kwenye baridi ya nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Mkurugenzi alimpokea vizuri na kumpa donati. Kisha akaniagiza niandike Mwongozo Namba 14, ambao nauonea fahari hadi leo: Sekunde ya manispaa ni ile iliyoelezwa kwenye faili. Saa za mkononi, za ukutani na za urithi si ushahidi.

Notisi ya pili ikaja kabla ya wiki kwisha. Na sheria ndogo inasema, ukipata notisi ya tatu, kwa mwaka mzima huruhusiwi kuvuka kwa miguu pale ila ukiwa na msindikizaji aliyesajiliwa, siku za Jumanne na Alhamisi.

"Jumanne na Alhamisi?" Bibi Bernice aliniuliza dirishani. "Na siku nyingine Cornelius ale nini, mwongozo wako?"

Nilimpa fomu ya malalamiko. Akaisukuma pembeni. "Nipe ya msindikizaji. Nataka kujisajili."

"Umsindikize nani?"

"Mimi mwenyewe."

Nilipekua sheria yote. Hakuna mahali palipokataza. Tukamsajili, tukampa koti la rangi ya machungwa. Hakukuwa na mwingine kwenye orodha. Nani atasimama kwenye baridi ile bure? Ila kwa kuwa alikuwa na notisi mbili tu, hakuwa bado na haja ya kusindikizwa, hata na yeye mwenyewe. Aliacha kuvuka kwa siku tatu, akiogopa ile ya tatu. Darlene ndiye aliyekwenda na supu. Alirudi na bakuli limejaa, akaliweka juu ya meza yangu, juu ya faili la kijani, akaondoka. Nakiri kwamba lile bakuli lilinisumbua. Lilichafua ukurasa wa nne.

Maneno yakawaka kwa Olga. Mkurugenzi, ambaye kwake perogi za pale ni dini, alikuta meza yake ya dirishani imekaliwa na watu wasiosogea. Akaamua kumaliza uvumi mwenyewe. Wakati huo alikuwa na magongo. Alianguka akicheza mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu, kifundo cha mguu kikapasuka. "Vizuri zaidi," aliniambia. "Nitavuka na magongo. Nikivuka mimi, nani atalalamika?"

Ijumaa, saa sita mchana, mji mzima ulijipanga kandokando. Bibi Bernice alisimama mbele na koti lake la machungwa. Mkurugenzi alihutubia kwa ufupi, akabonyeza kitufe, taa ikawaka, akaanza. Ko, ko, ko, magongo kwenye barafu. Alikuwa amebakiza hatua mbili kiganja chekundu kilipowaka.

Konstebo Desjarlais alitoa kitabu chake. Safari hii uso haukumwiva.

"We, Desjarlais, unafanya nini?"

"Notisi, Mheshimiwa. Samahani."

"Lakini taa imekatika mapema! Nimehesabu mwenyewe!"

"Umehesabu kwa saa ipi, Mheshimiwa?"

Mkurugenzi alitazama saa yake ya mkononi, kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama mbinguni. Akasema ameteleza tu, atarudia. Akarudi upande wa ofisi kwa kasi zaidi, akitweta, akabakiza hatua moja. Notisi ya pili. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti, watoto wa shule wakaongoza. Hapo hasira zikampanda. Akageuka tena, uso mwekundu, akavuka kwenda kusini na gongo moja likateleza katikati. Notisi ya tatu.

Alisimama upande wa kusini, ameshika karatasi tatu. Ofisi ilikuwa kaskazini. Gari lake lilikuwa kaskazini.

"Konstebo," aliita, "sasa narudi vipi?"

"Kwa msindikizaji aliyesajiliwa, Mheshimiwa. Jumanne na Alhamisi."

"Nani amesajiliwa?"

Umati wote ukageuka. Bibi Bernice alirekebisha koti lake. "Leo Ijumaa, mwanangu," alimwambia ng'ambo ya barabara. "Halafu mimi nina mtu hajala."

Mkurugenzi alipiga kelele hadi mvuke ukamtoka. "Prokop! Leta fomu! Andika namba yake yote!"

"Haienei, Mheshimiwa!" nilijibu. "Sifuri zimechapishwa!"

"Zifute!"

Ilikuwa amri ngumu kuliko zote katika utumishi wangu. Darlene alininyang'anya fomu, akavuka nayo mbio, na Mkurugenzi akazikata zile sifuri tatu kwa kalamu yake mwenyewe, fomu ameiweka juu ya goti lisiloumia, akaandika mia saba sitini na nane pembeni, akatia sahihi. Baada ya robo saa faili lilikuwa ndani ya kisanduku. Bibi Bernice alibonyeza kitufe, akavuka, akafika ikiwa imebaki sekunde moja. Hakuna aliyeshangilia, walimpisha tu mlangoni, kwa sababu supu ilikuwa inapoa.

Mkurugenzi tulimzungusha kwa gari. Jumatatu alikata rufaa. Rufaa husikilizwa na Kamati, na mwenyekiti hapigi kura kwenye shauri lake mwenyewe. Alidai kwamba siku ile sekunde ilikuwa pungufu. Darlene alisema ni kweli kabisa, na ndiyo maana notisi za Bibi Bernice zilipaswa kufutwa tangu mwanzo. Akataka zote tano zifutwe pamoja. Mkurugenzi alikataa kuchanganywa na wengine. Tukazifuta mbili za bibi. Kuhusu zake tatu, nilimkumbusha kwa unyenyekevu Mwongozo Namba 14: saa aliyohesabia ilikuwa ya mkononi. Kura yangu ilikuwa ya kumkatalia, kwa heshima ya mwongozo aliouagiza yeye, na kura zikigongana moja kwa moja, rufaa huanguka. Hajazungumza nami tangu hapo, nami naichukulia hiyo kuwa ishara ya imani.

Hivi sasa Mkurugenzi hula perogi Jumanne na Alhamisi tu, kwa kuwa kuzungushwa tena kwa gari mbele ya mji mzima anaona ni aibu kubwa zaidi. Husimama ukingoni na magongo yake, akimsubiri Bibi Bernice amalize kumlisha mzee Cornelius, na mzee siku hizi anakula polepole, anaomba na kuongezewa. Ikichukua saa nzima, Mkurugenzi anasubiri saa nzima. Kisha bibi hutoka, huvuka kuja kumchukua, humshika kiwiko, hubonyeza kitufe.

"Haya, mguu mzima kwanza," humwambia. "Usikimbie, mwanangu. Zipo ishirini na nane."